Kuhesabu Chakula, na Kupumzika Kuhesabu

Jambo tunalotaka kulisema leo huenda likawachekesha wengine. Katika nchi ambamo watoto wengi hulala bila kushiba, ni nani atakayepata nafasi ya kuhesabu chakula chake ili akipunguze? Sisi wenyewe tulifikiri hivyo siku ile mama mmoja wa Kasha alipotungoja nje ya kanisa, baada ya Misa ya Dominika, akatuuliza kama ni dhambi kupima ugali kwa mizani. Tulicheka kidogo. Yeye hakucheka, nasi tukaona haya, tukaketi naye tumsikilize.

Kasha ni sehemu ya komine ya Bagira, juu ya vilima vya mji wa Bukavu. Huko mashamba ya mihogo, maharage na migomba bado yamechanganyika na nyumba za watu. Hukaa wakulima, walimu, waashi, na wachuuzi wanaoteremka alfajiri na mizigo yao kwenda sokoni. Tangu mwezi wa Februari 2025, waasi wa M23 walipouingia mji, jamaa nyingi zimepunguza chakula pasipo kuambiwa na daktari yeyote. Hayo twayajua, maana nyumba zetu zi katikati ya hizo.

Lakini twajua na jambo la pili. Katika jamaa hizo hizo wamo watu wanaougua mgandamizo wa damu na ugonjwa wa sukari. Madaktari wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Bukavu wamechunguza magonjwa hayo mjini mwetu na kuandika juu yake. Tena si magonjwa ya matajiri peke yao. Chakula kinachopatikana kwa bei ndogo ni ugali, mafuta, sukari na mandazi. Hushibisha upesi, na mtu anayeketi dukani au darasani mchana kutwa hunenepa kwacho, hata kama mfuko wake ni mtupu. Basi si ajabu kukuta katika nyumba moja mtoto aliyekonda na nyanya aliyekatazwa chumvi na sukari.

Mama yule na daftari lake

Mama huyu ni mwalimu wa shule ya msingi. Alikuwa na kilo 94, na damu yake ilikuwa imepanda. Daktari alimwambia apunguze uzito walau kilo nane, akampa vidonge, akamwita mgonjwa wa pili. Mama alirudi nyumbani na neno hilo, asijue pa kuanzia.

Binti yake, mwenye miaka 16, mwanafunzi wa sekondari, ndiye aliyemsaidia. Alitia katika simu programu ya kuhesabu kalori, akamfundisha mama kuandika kila anachokula. Wakanunua mizani ndogo ya jikoni. Programu ikaamuru: kwa siku kalori 1,400, zisizidi. Mama akanunua na daftari, maana hakuiamini simu ambayo moto wake huisha kila umeme ukatikapo.

Miezi mitatu ya kwanza ilikwenda vema sana. Uzito ulishuka mpaka kilo 86. Magoti yaliacha kumuuma katika kupanda mlima, na mgandamizo wa damu ukashuka. Yafaa tuseme wazi, ili mtu asidhani kwamba twalaumu hesabu yenyewe: daftari lile lilimfunulia mambo asiyoyajua. Hakujua kwamba kijiko kikubwa kimoja cha mawese kina kalori zipatazo 120, naye alizoea kumimina bila kupima. Hakujua kwamba vijiko vitatu vya sukari katika chai, mara tatu kwa siku, ni nusu ya ugali wake wa jioni. Hayo yalimfaa.

Mwezi wa nne uzito ulisimama. Aliandika vilevile, akapima vilevile, wala mizani haikusogea. Ndipo akaanza kujikaza zaidi. Akashusha kalori mpaka 1,200. Akaacha kula pamoja na wenziwe.

Kila msomaji wa hapa kwetu ataelewa maana ya jambo hilo. Ugali wetu huwekwa katikati. Baba, mama, watoto na mgeni hunawa mikono, hukata tonge kutoka sahani moja, huchovya katika sombe au maharage, na aliyekwisha shiba humwachia mwenzake. Ni nani awezaye kujua amekata matonge mangapi, na kila tonge lilikuwa na uzito gani? Basi mama akaweka sahani yake mbali, akaipima, akaketi peke yake kwenye kigoda jikoni. Mumewe alimuuliza siku moja, “Mama watoto, umetuhama?” Naye hakujibu, kwa sababu alikuwa akikumbuka tarakimu asije akazisahau kabla ya kuziandika.

Jirani yake akafiwa. Kwenye msiba akapewa sahani ya maharage, akasema amekwisha kula. Wafiwa walinyamaza, lakini aliwaona wakitazamana. Usiku ule, nyumba yote ikiwa imelala, aliamka akala ugali baridi uliobaki, na mandazi matano yaliyowekwa kwa ajili ya chai ya watoto. Asubuhi akachora msalaba mweusi katika daftari, kama mtu aliyeanguka katika dhambi kubwa.

Hayo yote angeyavumilia. Kilichomtisha ni neno moja la binti yake. Jioni moja msichana, ambaye ni mwembamba kama unyasi, alimwonyesha simu akamwambia kwa furaha, “Mama, leo mimi nimekula kalori chache kuliko wewe.” Hapo ndipo mama alipogundua kwamba kumbe walikuwa wawili waliokuwa wakihesabu. Na ndiyo sababu alitungoja nje ya kanisa.

Kalori ni nini?

Kabla ya kumjibu, tueleze hesabu hii ilikotoka. Kalori ni kipimo cha nguvu ya joto. Ile inayotajwa katika habari za chakula ni joto linalotosha kuzidisha nyuzi moja ya joto katika kilo moja ya maji. Mwili huunguza chakula kama jiko linavyounguza makaa, ingawa polepole na bila ndimi za moto, nao hupata nguvu ya kutembea, kufikiri na kuulinda uhai.

Mwishoni mwa karne ya 19, mtaalamu wa Marekani jina lake Wilbur Atwater alipima kwa bidii nguvu iliyomo katika vyakula vya namna nyingi. Kutokana na kazi yake tumepata hesabu inayotumika hata leo: gramu moja ya wanga au ya sukari ina kalori 4, gramu moja ya protini ina kalori 4, na gramu moja ya mafuta ina kalori 9. Mwaka 1918, daktari mmoja mwanamke wa huko huko, Lulu Hunt Peters, aliandika kitabu cha kuwafundisha watu kupunguza unene kwa kuhesabu kalori. Yeye mwenyewe alikuwa amenenepa sana akapungua. Kitabu kilinunuliwa na watu wengi mno, na tangu hapo hesabu hiyo imeenea duniani, mpaka imeingia katika simu ya msichana wa Kasha.

Faida ya kupunguza unene uliozidi si jambo la kubuni. Mwaka 2002 ulichapwa nchini Marekani uchunguzi wa watu 3,234 waliokuwa karibu kuingia katika ugonjwa wa sukari. Baadhi yao walifundishwa kula kwa kiasi, kupunguza asilimia 7 ya uzito wao, na kutembea dakika 150 kwa juma. Katika kundi hilo, wagonjwa wapya walipungua kwa asilimia 58 wakilinganishwa na wale wasiopata mafundisho hayo. Kwa hiyo daktari wa mama huyu hakukosea alipomwambia apunguze.

Mbona basi mizani ilisimama?

Mwili wa mwanadamu umeumbwa ustahimili njaa. Babu zetu waliishi kati ya mavuno na mavuno, na mwili uliojua kuweka akiba ndio uliovuka kiangazi. Mtu akipunguza chakula muda mrefu, mwili hufahamu kwamba akiba yapungua, nao hujilinda kwa njia tatu. Kwanza, mwili uliokuwa mdogo huhitaji chakula kidogo kuliko ule mkubwa wa zamani. Pili, mtu hupunguza mwendo bila kujua: huketi badala ya kusimama, huagiza mtoto badala ya kwenda mwenyewe. Tatu, njaa huzidi. Mwaka 1994 wataalamu wa New York waligundua kichocheo kiitwacho leptini, ambacho hutoka katika mafuta ya mwili na kuupasha ubongo habari za akiba. Akiba ikipungua, leptini hushuka, na ubongo huamuru mtu atafute chakula. Mtu wa namna hiyo akiamka usiku kutafuta mandazi, asihukumiwe upesi kuwa mlafi.

Jambo hili lilionekana wazi wakati wa vita vya pili vya dunia. Tangu mwishoni mwa mwaka 1944, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani, Profesa Ancel Keys alichunguza vijana 36 waliokataa kwa dhamiri kushika silaha, nao wakajitolea kuona njaa ili madaktari wajue namna ya kuwasaidia watu wa nchi zilizoharibiwa na vita. Kwa miezi sita walipewa karibu nusu ya chakula walichozoea. Walipoteza takriban robo ya uzito wao. Lakini lililowashangaza wachunguzi ni mabadiliko ya akili. Vijana wenye elimu wakawa hawawazi ila chakula: waliota chakula, walisoma vitabu vya mapishi, walilamba sahani, wakawa wenye hasira na wapweke. Keys na wenzake walichapa habari hizo mwaka 1950.

Tusomapo hayo, twamwona mama yetu juu ya kigoda chake jikoni. Yeye hakufikia njaa ya namna ile, lakini alikuwa ameianza njia hiyo hiyo.

Wataalamu wasemavyo juu ya kupumzika

Je, mtu anayepunguza uzito aweza kupumzika kidogo katikati ya safari, asipoteze yote aliyoyapata? Swali hili limechunguzwa. Nchini Australia, Profesa Nuala Byrne na wenzake waliwagawa wanaume wanene 51 katika makundi mawili. Kundi la kwanza lilipunguza chakula wiki 16 mfululizo. Kundi la pili lilipunguza wiki mbili, kisha likala kiasi cha kutosha kuuweka uzito pale pale kwa wiki mbili, likarudia hivyo mpaka nalo likatimiza wiki 16 za kupunguza. Safari yao ilichukua wiki 30. Habari zao zilichapwa mwaka 2017. Waliomaliza katika kundi lililopumzika walikuwa wamepungua kilo 14 hivi kwa wastani, na wale wa mfululizo kilo 9 hivi.

Hata hivyo tusiimbe ushindi upesi. Uchunguzi mwingine wa Australia, uliochapwa mwaka 2021, uliwahusu watu waliozoea mazoezi mazito. Walipumzika juma moja baada ya kila wiki tatu, na mwishowe mafuta yaliyopungua mwilini yalikuwa sawa na ya wenzao wasiopumzika. Lakini waliopumzika waliona njaa kidogo kuliko wenzao. Hivyo lililo hakika ni hili: pumziko lenye kiasi haliharibu kazi iliyofanyika, tena laweza kumsaidia mtu aivumilie.

Tena tukumbuke kwamba wale wanaume wa Australia hawakuachiwa wale wapendavyo. Siku za kupumzika nazo walipewa chakula kilichopimwa. Pumziko lao halikuwa karamu. Mtu anayesoma habari hii akadhani ameruhusiwa kumaliza chupa za bia juma zima atakuwa amejidanganya. Chupa moja kubwa ya bia, ya sentilita 72, ina kalori zipatazo 300, yaani karibu sawa na sahani ya maharage, wala haina nguvu ya maharage.

Hekima ya Kanisa

Sisi Wakristo hatukungoja wataalamu wa Australia ili tujue kwamba kufunga kuna mipaka. Tuhesabu pamoja siku za Kwaresima. Kutoka Jumatano ya Majivu mpaka Jumamosi Kuu ni siku 46, nasi twasema siku 40. Zile sita zimekwenda wapi? Ni Dominika sita. Tangu zamani Kanisa halifungi siku ya Dominika, maana ni siku ya Ufufuko. Basi mfungaji wa zamani, hata yule mkali kabisa, kila siku ya saba aliambiwa na Mama Kanisa akae mezani pamoja na wenziwe. Siku ya pili alirudia mfungo wake. Hakuna aliyesema kwamba ameuvunja.

Baba Mtakatifu Paulo wa Sita, katika waraka wake wa tarehe 17 Februari 1966, aliirekebisha sheria ya kufunga, akakumbusha kwamba kitubio cha nje bila moyo na bila mapendo kwa maskini hakina maana. Leo sheria ya Kanisa yataka kufunga siku ya Majivu na Ijumaa Kuu, nayo yawahusu waliotimiza miaka 18 mpaka waanzapo mwaka wa 60. Wagonjwa hawamo, wala watoto. Kanisa, ambalo limezoea kufunga kwa karne 20, linajua kwamba si kila mwili wapasiwa mzigo ule ule.

Kuna na habari ya Mtakatifu Fransisko wa Asizi, ambayo ndugu zake waliihifadhi. Usiku mmoja, wakati ndugu wote wakifunga kwa ukali, mmoja wao alipiga kelele kwamba anakufa kwa njaa. Fransisko hakumkemea. Aliamka, akaandalisha meza, akaketi akala pamoja naye, na ndugu wengine wote wakala, ili yule mmoja asione haya kula peke yake. Kisha akawafundisha kwamba kila mtu aujue mwili wake na aupe unachohitaji. Tulimsimulia mama wa Kasha habari hii. Alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema, “Mimi ndiye niliyewaacha wangu wale peke yao.”

Jinsi alivyopumzika

Sisi si waganga. Tulimpeleka kwa Sista mmoja muuguzi, naye alimsikiliza, akampima damu, akaona kwamba hatumii dawa za sukari. Kisha akamwambia, “Mama, daftari lifungie kabatini. Mizani ya jikoni niletee mimi. Wiki mbili, halafu utarudi hapa.”

Alimpa sheria chache za kushika, nasi twaziandika kwa kuwa zaweza kumfaa mwingine:

Mosi, pumziko liwe na siku ya kuanza na siku ya kumaliza, ziandikwe kabisa. Wiki moja au mbili zatosha. Pumziko lisilo na mwisho ni kuacha kazi.

Pili, kula mara tatu kwa siku, kwa saa zake, mezani pamoja na jamaa. Kati ya chakula na chakula, maji.

Tatu, macho na mkono vishike kazi ya mizani. Nusu ya chakula iwe mboga, kama lengalenga au kabichi, zilizopikwa kwa mafuta kidogo. Robo iwe maharage, samaki au sambaza. Na robo iwe ugali, ndizi au viazi. Ugali usizidi ukubwa wa ngumi ya mlaji. Akila kwenye sahani ya wote, akate fungu lake kwanza mbele yake, kisha ale polepole pamoja na wengine.

Nne, sukari ya chai na bia visirudi kwa kisingizio cha pumziko.

Tano, kutembea kusikome. Mtu wa Kasha hana haja ya kutafuta uwanja wa mazoezi, vilima vyatosha.

Sita, kupima mwili mara moja kwa juma, si zaidi.

Siku za kwanza mama alihangaika. Mkono ulitafuta kalamu kila baada ya kula. Siku ya nne alikula kutoka sahani ya katikati, na mtoto wake mdogo akamsogezea samaki kama zamani. Mwisho wa wiki mbili alipanda mizani kwa Sista: kilo 87, yaani moja zaidi. Akataka kulia. Sista akamweleza kwamba mtu akiongeza chakula baada ya kujinyima, mwili huweka tena akiba ya sukari katika maini na misuli, na kila gramu ya akiba hiyo hushika gramu tatu hivi za maji. Kilo ile haikuwa mafuta. Kwa kweli, alipoanza tena kupunguza, ilitoweka katika siku chache.

Sasa yeye hupunguza chakula wiki nane, kisha hupumzika mbili. Katika wiki za kupunguza huandika siku mbili tu kwa juma, ili asisahau vipimo, na siku nyingine hufuata ngumi na macho. Baada ya miezi sita amefika kilo 82. Bado anameza kidonge cha mgandamizo wa damu, lakini daktari amekipunguza. Wala hakai tena kwenye kigoda jikoni.

Onyo kwa wanafunzi

Kuhusu binti, habari si fupi kama hiyo. Mama alifikiri kwamba daftari likiondoka, na mawazo ya mtoto yataondoka. Haikuwa hivyo. Msichana alikuwa amekwisha zoea kujiona mwema siku anazokula kidogo, na mwovu siku anazoshiba. Hedhi yake ilikuwa imekoma, na alikuwa akisinzia darasani. Alipelekwa kwa daktari, na miezi mingi ilipita kabla hajala bila kuuliza. Hata leo mama yake humtazama mezani kwa siri.

Basi ninyi wanafunzi mnaosoma ukurasa huu, sikieni. Mwili wenu bado unajengwa: mifupa, damu, ubongo. Fundi hapunguzi matofali nyumba ingali inajengwa. Picha za wasichana wembamba mzionazo katika simu zimechaguliwa na kutengenezwa. Si kipimo cha uzuri wala cha wema. Mwenye unene unaomtia wasiwasi aende kwa daktari au muuguzi pamoja na mzazi, asianze hesabu ya siri. Na rafiki akiona mwenzake anaficha chakula, anakonda, anajitenga wakati wa kula, amwambie mtu mzima. Huko si kumsengenya, ni kumpenda.

Wazazi nao wajue kwamba watoto husoma maneno yetu juu ya mwili. Mama anayejitukana mbele ya kioo humfundisha binti yake kujitukana.

Tena twawaonya wengine watatu. Mwenye ugonjwa wa sukari anayetumia insulini au vidonge asibadili kiasi cha chakula, wala kwa kupunguza wala kwa kupumzika, kabla ya kumwona daktari, kwa maana sukari yaweza kushuka ghafula akazimia. Mama mjamzito au anyonyeshaye asijinyime chakula. Na mtu ambaye tayari hali vya kutosha kwa sababu ya umaskini au vita hahitaji mafundisho haya. Yeye anahitaji jirani.

Jibu letu

Sasa tujibu swali tuliloulizwa nje ya kanisa. Kupima ugali kwa mizani si dhambi. Ni chombo, kama jembe na kama sindano ya daktari, na mgonjwa aliyekihitaji amshukuru Mungu kwacho. Lakini chombo chataka kuwekwa chini kazi inapofikia hapo. Kiasi ni fadhila, na Mtakatifu Tomaso wa Akwino alifundisha kwamba fadhila hiyo yaongozwa na akili: mtu aweza kuikosa kwa kula mno, aweza kuikosa pia kwa kujinyima kupita haki. Mwenye kuhesabu na aendelee, maadamu hesabu yamsaidia kuwa mzima na kuwatumikia walio wake. Siku atakapoona kwamba hesabu imemtenga na meza ya jamaa, na sahani ya wafiwa, na shukrani kwa Mungu, siku hiyo afunge daftari wiki mbili bila hofu.

Dominika iliyopita tulipita nyumbani kwa mama yule, tukakuta wameketi. Tulinawa. Ugali ulikuwa katikati, na sambaza, na lengalenga nyingi. Binti alikata tonge, akachovya, akala, akakata lingine. Hakuna aliyesema neno juu ya jambo hilo. Mama yake alitutazama tu, kisha akamshukuru Mungu kwa sauti ndogo, akaomba apitishiwe chumvi, na mumewe akamkumbusha kwamba chumvi amekatazwa.

Mungu abariki meza zenu.